James Hadley Chase: Muuza vitabu aliyeiandika Marekani bila kuishi huko

Kama umewahi kuinama kando ya Barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi ukichakura vitabu vya mtumba vilivyotandazwa chini, basi huyu jamaa mmeshakutana. Jalada limechakaa, kona zimejikunja, kuna bastola na mwanamke anayeangalia pembeni, na juu kabisa jina kwa herufi kubwa: James Hadley Chase.

Na kama humjui, muulize baba yako au mjomba. Wengi wa rika lao walimsoma shuleni kwa kujificha, riwaya ikiwa imefichwa ndani ya kitabu cha Jiografia, au usiku bwenini kwa tochi chini ya blanketi. Kitabu kimoja kilipita mikono mingi mpaka kikapoteza kurasa za mwisho, na hapo ndipo vita vilianza: nani alirarua ukurasa wa kutuambia mwizi alishikwa ama alitoroka?

Sasa wacha nikuambie kitu ambacho hata wao wengi hawakujua. Huyo mtu aliyewatembeza mitaa ya Kansas City na fuo za Florida, akawafundisha hadi matusi ya majambazi wa huko, hakuwa Mmarekani. Alikuwa Mwingereza, tena muuza vitabu, na alipoandika riwaya iliyompa jina alikuwa hajakanyaga Marekani. Hata baadaye alipokuwa na pesa, alipita huko kwa ziara fupi tu, Florida na New Orleans, akarudi zake Ulaya. Na James Hadley Chase lenyewe si jina alilopewa na mamake.

Nataka tumwangalie huyu mtu vizuri, upande wa mazuri na upande wa mabaya. Kwa sababu kuna jambo moja alilolifanya ambalo wewe na mimi, tunaoandika kwa simu na kuposti kila siku, tunalifanya pia, na tunajiambia ni dogo.

Mtoto wa daktari wa mifugo

Alizaliwa London, mtaa wa Ealing, mkesha wa Krismasi, 24 Disemba 1906. Jina lake halisi lilikuwa refu kama foleni ya matatu saa kumi na mbili jioni: René Lodge Brabazon Raymond. Babake alikuwa daktari wa mifugo katika jeshi la wakoloni Waingereza nchini India, na alikuwa ameshaamua kijana wake atafuata sayansi. Akampeleka King's School, shule ya Rochester katika jimbo la Kent.

Stori unaijua. Huku kwetu ingekuwa ni udaktari, uhandisi ama uanasheria, halafu ukitaja kuandika unaulizwa kama hiyo nayo ni kazi.

René alipofika miaka 18 aliondoka nyumbani. Hakuwa na digrii. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kuuza ensaiklopidia za watoto, mlango kwa mlango. Hebu fikiria hiyo kazi kidogo. Umebeba vitabu vizito, mvua ya London inakunyeshea, unabisha, mama anafungua mlango nusu, mkono mmoja bado uko kwenye kitasa. Una sekunde chache tu za kumfanya atake kusikia sentensi ya pili. Ukikosea, mlango unafungwa, unaenda kwa jirani.

Baadaye akaajiriwa katika duka la vitabu, kisha akaenda kwa Simpkin Marshall, kampuni ya jumla iliyokuwa ikisambazia maduka ya Uingereza vitabu. Mwaka 1932 alimwoa Sylvia Ray, na wakapata mtoto mmoja wa kiume.

Hapa nataka nisimame. Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo najua jinsi stori za watu kama huyu husimuliwa kwetu. Ati fulani aliacha masomo, akafuata ndoto yake, akatajirika, mwisho. Hiyo stori huwa imerukwa katikati. Kutoka siku Chase alipoondoka nyumbani hadi riwaya yake ya kwanza kutoka, ilipita miaka kama 14. Hiyo miaka yote alikuwa akibeba, akipanga na akiuza vitabu vya watu wengine. Hakusomea uandishi darasani, lakini usiniambie hakusoma. Alisoma wateja.

Mtu anayekaa ghalani kwa msambazaji wa vitabu anaona vitu ambavyo mwandishi aliyejifungia chumbani hawezi kuona. Anaona katoni gani inarudi bila kufunguliwa. Anaona kitabu gani maduka yanaagiza leo, na kesho yanaagiza tena. Na katika miaka ya 1930, Chase aliona kwamba Waingereza walikuwa na njaa ya stori za Marekani.

Wikendi sita

Huo wakati ulikuwa mgumu. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, watu hawana kazi. Marekani ilikuwa imetoka tu kwenye ile marufuku ya pombe, iliyoanza 1920 na kuondolewa 1933, marufuku ambayo iliwatajirisha majambazi kuliko sheria yoyote nyingine. Magazeti yalijaa habari za magenge, utekaji nyara na risasi. Sinema nazo zilikuwa zinaonyesha hayo hayo.

Mwaka 1934 Mmarekani James M. Cain alitoa The Postman Always Rings Twice, riwaya fupi, kavu, isiyopoteza muda, kuhusu mwanamke na mpenzi wake wanaopanga kumuua mume. Chase aliisoma. Pia alikuwa amesoma kuhusu Ma Barker, mama mzee ambaye wanawe walikuwa majambazi, na ambaye aliuawa Florida mnamo Januari 1935 pamoja na mmoja wa wanawe, katika ufyatulianaji wa risasi na maafisa wa upelelezi wa serikali kuu ya Marekani.

Akajiambia, hii naweza. Akatafuta ramani za Marekani. Akatafuta kamusi ya misimu ya huko, ile lugha ya mtaani, sheng yao kama ungependa. Na mwaka 1938, akiwa bado ameajiriwa, akakaa chini na kuandika riwaya nzima katika wikendi sita. Ilichapishwa mwaka 1939 na kampuni ya Jarrolds, ikaitwa No Orchids for Miss Blandish, yaani hakuna maua ya okidi kwa Bi Blandish.

Stori yenyewe ni hii. Binti wa tajiri anavamiwa na wezi wadogo wanaotaka mkufu wake wa almasi. Mambo yanaharibika, wanamteka. Kisha genge kubwa zaidi linawapokonya mateka wao. Genge hilo linaongozwa na bibi mzee katili anayeitwa Ma Grisson, na mwanawe Slim, mtu asiye na huruma hata chembe, anamtaka yule msichana awe wake. Mpelelezi wa kibinafsi, Dave Fenner, ambaye zamani alikuwa mwandishi wa habari, anaajiriwa na babake msichana kumtafuta. Anampata. Lakini usitarajie sherehe, kwani aliyoyapitia yule msichana ni mazito kuliko kuokolewa.

Nikuonye mapema: ni kitabu cha ukatili. Na kwa dada zangu mnaosoma hii, kuna jambo mtaliona haraka kuliko wanaume. Huyo msichana ndiye jina la kitabu, ndiye sababu ya kila risasi inayopigwa, lakini hatuambiwi hata jina lake la kwanza. Ni Bi Blandish tu, mali ya babake, kisha mali ya genge. Chase alijua kukimbiza stori, lakini mara nyingi wanawake wake ni chambo ama nyoka. Huo ni upungufu, na sitakuambia eti ndivyo ilivyokuwa zamani tuache iende.

Kitabu kilienda kama maandazi ya asubuhi. Ndani ya miaka mitano kilikuwa kimeuza zaidi ya nakala nusu milioni, na hiyo ni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, karatasi zikitolewa kwa mgao. Mwaka 1942 kikageuzwa mchezo wa kuigiza jijini London. Mwaka 1948 kikatengenezewa filamu Uingereza, na wakosoaji wa filamu wakaichana vibaya mno. Mwaka 1971 mwelekezi wa Hollywood, Robert Aldrich, akairudia kwa jina The Grissom Gang.

Chase mwenyewe hakukaa nje ya vita. Alijiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, akapanda hadi cheo kinacholingana na meja wa nchi kavu, na akawa miongoni mwa wahariri wa jarida la jeshi hilo.

Faini, na lawama ya Orwell

Sasa matatizo. Mwaka 1941 alitoa riwaya nyingine, Miss Callaghan Comes to Grief, kuhusu biashara ya kuwauza wanawake. Mwaka 1942 ikafika mahakamani. Chase na wachapishaji wake wakapatikana na hatia ya kutoa kitabu kichafu, kila upande ukatozwa faini ya pauni 100.

Halafu mwaka 1944 akajitokeza mkosoaji ambaye huwezi kumpuuza. Unamjua George Orwell, yule wa Shamba la Wanyama. Orwell aliandika makala nzima akilinganisha kitabu cha Miss Blandish na stori za zamani za Raffles, mwizi mstaarabu wa Kiingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba Raffles, ingawa ni mwizi, ana mipaka. Kuna mambo hawezi kufanya kwa sababu yangemwaibisha. Kwa Chase mipaka imekwisha. Polisi na jambazi wanatumia mbinu zilezile, na anayeshinda ni mwenye nguvu. Orwell aliona hapo harufu ya ufashisti, ule wa kuabudu mabavu, katika dunia iliyokuwa ikipigana na Hitler. Akashangaa pia kwamba kitabu hicho kilipendwa zaidi mwaka 1940, wakati mabomu ya Wajerumani yalikuwa yakiangukia London.

Lakini Orwell alikuwa mtu wa haki. Aliikubali kalamu ya Chase. Aliona kwamba jamaa alijua kuandika, hakupoteza maneno, na aliimudu lugha ya Kimarekani kana kwamba alizaliwa nayo.

Mimi nadhani Orwell alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Ila kuna kitu ambacho mtu aliyekulia mtaani angemwambia. Watu hawasomi kuhusu ukatili kila wakati kwa sababu wanauabudu. Kuna siku unausoma kwa sababu umeuzunguka, na kwenye kitabu angalau kuna ukurasa wa mwisho.

Alipochukua kisicho chake

Hapa ndipo nilitaka tufike.

Mwaka uleule wa 1939 Chase alipotoka na Miss Blandish, mtu mwingine alitoa riwaya yake ya kwanza huko Marekani. Huyo ni Raymond Chandler, na kitabu ni The Big Sleep. Angalia jinsi maisha yalivyo. Chandler alizaliwa Chicago lakini akasomeshwa Uingereza. Akarudi Marekani, akafanya kazi katika kampuni za mafuta mjini Los Angeles, akapigwa kalamu mwaka 1932 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Akaamua kujifunza kuandika riwaya za upelelezi kutoka mwanzo, kama mtoto wa chekechea.

Alivyojifunza ni hivi. Alichukua hadithi ya Erle Stanley Gardner, mwandishi aliyekuwa juu wakati huo. Akaifupisha, akaandika matukio yake moja baada ya jingine. Kisha akaifunga hadithi ya Gardner na kuiandika upya yeye mwenyewe kutokana na ule muhtasari. Alipomaliza akaweka mbili hizo kando kwa kando, akaona alipozidiwa, akarudia tena. Zoezi hilo hakulichapisha. Hadithi yake ya kwanza iliyochapishwa, ile ya mwaka 1933, ilikuwa yake mwenyewe na ilimchukua miezi mitano.

Chase naye alikuwa amechoka na jina moja, ama pengine alikuwa na kasi kuliko jina moja linavyoweza kubeba. Alikuwa akitoa vitabu vingine kama Raymond Marshall, kimoja kama James L. Docherty, kimoja kama Ambrose Grant. Mwaka 1945, chini ya jina la Raymond Marshall, alitoa Blonde's Requiem. Ndani yake kulikuwa na sehemu zilizotolewa kwa Chandler. Chandler akagundua, akakasirika, na akafuatilia hadi mwisho. Chase akalazimika kuomba radhi hadharani, kwa maandishi, katika The Bookseller.

Usipite haraka hapo. The Bookseller ndilo jarida la wafanyabiashara wa vitabu wa Uingereza. Linasomwa na wenye maduka, wasambazaji, wachapishaji. Kwa maneno mengine, linasomwa na watu walewale ambao Chase alifanya kazi nao tangu ujana, waliomjua akibeba katoni. Faini ya mahakama unaweza kulipa na kujisifu kwamba umefungiwa kwa sababu unaogopwa. Hii ya kuomba radhi mbele ya watu wa kazi yako haina namna ya kujisifu.

Na kitu cha kuuma zaidi ni kwamba hakuhitaji. Alikuwa ameshauza nusu milioni. Alikuwa na sikio, alikuwa na kasi, alijua mlango unafungwa lini. Ramani zake na kamusi yake zilikuwa kazi halali. Kumsoma Cain na kujifunza kutoka kwake kulikuwa halali pia, kila mwandishi ana mtu aliyemfungua macho. Kati ya Chandler na Chase, wote wawili waliiga. Mmoja aliiga ili ajue, akaweka daftari kabatini. Mwingine aliiga akauza.

Nitakuambia kwa nini hii inanigusa. Mwaka niliotoka chuoni nilianza kublogu, na kuna wiki nilikuwa sina la kusema. Nikachukua aya tatu za mtu mwingine, kijana kama mimi, mwenye wafuasi wachache. Nikabadilisha maneno hapa na pale, nikaweka jina la mtaa wangu mahali pa mtaa wake. Ile posti ndiyo ilipata laiki nyingi kuliko zote nilizowahi kuandika. Siku ya tatu yule kijana akaniandikia faraghani. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama ni kweli mimi pia nilipoteza ndugu kwa njia ileile, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa ndani ya zile aya, na mimi wakati wa kunakili sikuwa nimefikiria kwamba ni kitu kilichompata mtu.

Nilifuta. Niliomba msamaha. Lakini nilifuta kimyakimya, na radhi niliomba faraghani, wale waliolaiki hawakujua kamwe. Kwa hivyo kama kuna mtu wa kumcheka Chase kwa kuaibishwa hadharani, si mimi. Yeye angalau radhi yake ilichapishwa.

Jiji ambalo halipo

Turudi kwa Chase, maana maisha yake hayakuishia kwenye aibu hiyo. Aliendelea kuandika kwa karibu miaka 40 zaidi, na jumla ya vitabu vyake inakaribia 90.

Wahusika wake wa kudumu ni wengi. Kuna Vic Malloy, mpelelezi wa kibinafsi wa California. Kuna Steve Harmas, anayechunguza madai ya uongo ya bima. Kuna Mark Girland, anayefanyia CIA kazi chafu kutoka Paris na daima hana pesa. Kuna Helga Rolfe, mwanamke tajiri ambaye kila mwanaume anayemkaribia ana hesabu yake. Na kuna Paradise City, jiji la matajiri huko Florida, ambapo mkuu wa polisi ni Frank Terrell na mpelelezi Tom Lepski anapigania kupandishwa cheo huku mkewe akimsukuma.

Ukitafuta Paradise City kwenye ramani hutaipata. Chase aliibuni. Nami nadhani huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko zile ramani za 1938. Mtu asiyeishi Miami akikosea barabara ya Miami, msomaji wa Miami atamcheka. Lakini nani atakuambia umekosea barabara ya jiji lako mwenyewe?

Stori zake nyingi, ukizichunguza, ni stori moja. Mtu wa kawaida ana shida ya pesa. Anakuja mtu mwingine na dili ndogo, rahisi, haina hatari. Anaingia. Kisha dili inaanza kukua meno. Chukua Just Another Sucker ya mwaka 1961: mwandishi wa habari, Harry Barber, ametoka jela, hana kazi, na mke wa tajiri anamwomba asaidie katika utekaji nyara wa uongo. Ni wa kuigiza tu, anaambiwa. Unajua mwenyewe pale patakapoelekea. Hiyo ilikuja kuwa filamu ya Palmetto mwaka 1998, miaka 13 baada ya kifo chake. Ama chukua The World in My Pocket, ambapo genge linapanga kuiba gari la chuma lenye dola milioni moja. Wizi wa gari ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kulifungua.

Kama wewe ni kijana wa Nairobi ama Mombasa, hujaona hiyo dili? Ile ya kutuma pesa kidogo upate nyingi, ile ya kazi ng'ambo isiyo na maswali, ile ya kumbebea mtu mzigo. Ndiyo maana watu wetu walimpenda huyu Mwingereza, kwa maoni yangu. Majina yalikuwa ya Kimarekani lakini shida ilikuwa ya nyumbani: kodi ya nyumba, bosi mwenye kiburi, tamaa ya kutoka haraka.

Kuna hata kimoja alichokileta Afrika. The Vulture Is a Patient Bird, cha mwaka 1969, yaani tai ni ndege mwenye subira, kinahusu wezi wanne wanaotumwa kutoka London hadi Afrika Kusini kuiba pete ya kale yenye sumu kutoka kwa tajiri aliyejizungushia walinzi. Hata jina lenyewe, bana, linasikika kama methali ya wazee wetu.

Wafaransa walimpenda zaidi ya wote huko Ulaya. Gallimard walipoanzisha mfululizo wao wa riwaya za uhalifu, Série Noire, mwaka 1945, Miss Blandish ilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa. Filamu zikafuata, na waelekezi wenye majina. Joseph Losey alitengeneza Eva mwaka 1962, kutokana na Eve ya mwaka 1945, na Patrice Chéreau akatengeneza La Chair de l'orchidée mwaka 1975, kutokana na kitabu kinachoendeleza stori ya Miss Blandish.

Kitu kingine ninachokipenda: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Chase aliichukua Miss Blandish akaiandika upya. Aliona dunia ya 1939 ilikuwa mbali mno na vijana wa wakati huo. Ndiyo maana nakala nyingi utakazookota mtaani si zile walizosoma watu wa wakati wa vita. Mtu ameuza kitabu kwa zaidi ya miaka 20, hana deni nacho, lakini bado anarudi kukirekebisha.

Mwaka 1956 alihamia Ufaransa, baadaye Uswisi, akakaa Corseaux, karibu na Ziwa Geneva. Aliishi kimya. Alipenda kupiga picha, muziki wa klasiki na opera, na akimaliza kitabu alipumzika kwa kuunganisha vipande vya Meccano, vile vyuma vidogo vya kuchezea vyenye skrubu. Mtu aliyewanyima usingizi wanafunzi wa mabweni ya Afrika alikuwa mzee mtulivu anayekaza skrubu mezani. Kitabu chake cha mwisho, Hit Them Where It Hurts, kilitoka 1984. Alifariki 6 Februari 1985 akiwa na umri wa miaka 78.

Ukitaka kuanza

Usianze na Miss Blandish. Anza na Just Another Sucker ama The World in My Pocket, ndipo utajua kama ni mtu wako. Ukiwa hapo mtumbani, angalia ukurasa wa mwisho upo kabla hujalipa, usije ukateseka kama baba zetu. Na ukimaliza, tafuta Willy Gamba wa Elvis Musiba na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, uone jinsi mambo hayohayo ya siri na maiti yanavyosikika kwa Kiswahili, kwenye miji ambayo hakuna aliyehitaji kununua ramani yake.

Na kama unataka kuandika, jaribu lile zoezi la Chandler. Chagua hadithi unayoipenda. Ifupishe kwenye karatasi moja. Ifunge, iandike upya bila kuchungulia, kisha linganisha. Mimi nimekuwa nikilifanya kila Jumapili. Ninazidiwa kila mara, na ninajua sasa ninazidiwa wapi. Daftari liko chini ya godoro na litabaki huko.

Yule kijana niliyemnyang'anya aya zake bado anaandika. Wiki iliyopita nilimwomba ruhusa ya kusema hadharani kile nilichofanya, bila kumtaja jina kwa sababu hataki. Akakubali. Nimechelewa miaka mitatu, lakini sasa wewe pia unajua.